Matumbo ya Kilindini

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya vifurushi vya basi hapa Kisumu, mama mmoja akaingia mbio, jasho likimtiririka. Alikuwa mtafiti wa kule Bondo. Tangu jana yake, sampuli zake za matumbawe zilikuwa zimefika kutoka Pwani. Wapiga mbizi walizitoa kilindini kwa shida, ili ijulikane yapi yanafaa kupandwa kwenye miamba iliyokufa. Zikipata joto, kazi yote bure.

"Usijali, Madam," karani akamwambia. "Matumbo yako niliweka kwa friji ya soda."

"Matumbo?"

"Si ndiyo wale wa Pwani walisema kwa simu? Na hii jua yetu, ingenuka mpaka Kombewa."

Karani akatoa boksi kwenye friji, mama akalifungua, akaweka chupa moja shavuni. Baridi! Akainua mikono yote miwili kama aliyeshinda uchaguzi.

"Erokamano, asante sana, ndugu yangu!"

Karani akachungulia ndani ya chupa. "Kumbe ni mawe tu?"

"Ni wanyama. Na umewaokoa."

Sisi watu wa ziwa matumbawe hatuyajui, lakini matumbo tunayaheshimu. Karani yule angesikia vizuri, angeyaacha juani.