Koti la Mama la Kazi

Jana pale agroveti, duka la dawa za kilimo, mwenye duka alikuwa akinipimia dawa ya kupulizia viazi, na harufu yake ikanirudisha Timau nilikokulia.

Mama alikuwa kibarua wa kupulizia dawa kwenye shamba la maua. Kila siku aliondoka alfajiri nikiwa nimelala. Jioni nilimkimbilia, naye akanizuia kwa mkono: "Usinishike, niko na dawa. Wacha nioge kwanza." Alipomaliza kuoga na kupika, mimi nilikuwa nimeshalala. Basi nikazoea kwenda nyuma ya nyumba, alikotundika koti lake la kazi, na kuficha uso wangu ndani yake.

Siku moja mwalimu alituambia tutunge sentensi kwa neno "kunukia". Wenzangu waliandika maua, wengine chapati. Mimi niliandika: Mama ananukia dawa. Nilipoisoma mbele, darasa zima likacheka.

"Dawa inanuka," mwalimu akasema, akichora mkasi mwekundu wa kosa kwenye sentensi yangu. "Kunukia ni kwa kitu ambacho mtu anapenda kunusa."

Nilirudi kwenye dawati langu, na sikufuta kitu.

"Rudi nyuma kidogo, hii kitu inanuka sana," mwenye duka aliniambia jana.

Nikamwomba asifunge chupa kwanza.