Midundo Mitupu

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkalimani wa mahakamani. Kutwa nzima alisema "nilimpiga" na "niliiba" kwa niaba ya watu wengine, na jioni maneno yale yalimfuata nyumbani. Redio aliacha kuiwasha, maana kila mwimbaji alikuwa na malalamiko yake, na yeye alijikuta akiyatafsiri kimoyomoyo.

Jumamosi moja alikwenda saluni kwa wifi yake kusukwa. Spika ilikuwa inapiga hip hop, ngoma nzito na kinanda kinachojirudia polepole. Akangoja mtu aanze kuchana mistari, akangoja weee.

"Mbona haimbi?"

"Hakuna anayeimba, wifi. Ni midundo mitupu. Maneno tia mwenyewe ukitaka."

Hakutaka. Alifumba macho, akamwona mwanamke akiteremka mlima kwa baiskeli, gauni linapepea, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi wala alikuwa wapi tarehe fulani.

Alipoguswa bega, nywele zilikuwa tayari.

"Ulilala?"

"Sikulala mimi. Nilikuwa nimepumzika," alijibu, akashusha pumzi, kisha akaomba arushiwe midundo yote kwenye simu.