Wafu wa Mitungini na Maiti Yangu ya Kwanza

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na sikuwahi kugusa maiti. Mama alipofariki Tanga, mimi nilikuwa huku Sydney. Wakamkosha, wakamzika, nami nikalia kwenye simu. Kwa hiyo bibi mmoja wa Unguja, anayekosha maiti za wanawake Waislamu wenzetu hapa, aliponiomba nijifunze kazi hiyo, nilimkubalia kwa mdomo tu. Kila aliponitafuta nilikuwa na udhuru.

Jumamosi moja binti yangu alinipeleka makumbusho mjini. Alikuwa na insha ya shule kuhusu Wamoche, watu wa kale wa pwani ya Peru, waliozika wafu wao pamoja na vyombo vya udongo. Nilidhani nakwenda kuona vyungu vya kawaida. Kwenye mtungi mmoja wafu, mifupa mitupu, wameshikana mikono wanacheza, na mwenzao anapuliza filimbi. Kwenye mwingine, mfu mwenye mbavu nje amemkumbatia mwanamke aliye hai. Mwanamke yule hakimbii, amemwegemea.

"Mbona hawa hawajafa sawasawa?" nilimuuliza binti yangu.

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba inaelekea kwa watu wale kufa hakukuwa kwisha. Mfu alikuwa bado na shughuli zake na walio hai. Akaongeza kuwa wataalamu wenyewe hawana hakika, maana Wamoche hawakuacha maandishi.

Nilimfikiria mama. Kama bado ana shughuli na mimi, basi anajua kwamba sikwenda kumzika. Nikasema nina kizunguzungu, tukatoka.

Jumatatu asubuhi bibi akapiga simu.

"Mwanangu, kuna msiba. Mwenzangu anaumwa, niko peke yangu. Leo usiniambie una kazi."

Nilikuwa na kazi kweli. Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Chumba cha kukoshea maiti kilikuwa cheupe, kina meza ya chuma na mpira wa maji. Marehemu alikuwa mama mtu mzima wa Mombasa. Tulikuwa tukisalimiana tu sokoni Cabramatta, mtaa wa hapa Sydney. Bibi alimsitiri kwa shuka, akanionyesha: kulia kwanza, kisha kushoto. Tulipomgeuza ubavu, marehemu akatoa sauti, kama mtu anayeguna usingizini.

Nikapiga ukelele. Niliuachia mkono wake, nikarudi kinyumenyume hadi ukutani, na machoni mwangu nikamwona yule mfu wa mtungini ananinyooshea mikono.

"Ni pumzi iliyobaki kifuani," bibi alisema, wala hakupaza sauti. "Njoo umshike. Usimwache akalala vibaya."

"Bibi, naogopa."

"Najua. Mshike hivyohivyo."

Nikamshika. Maji yakanilowesha mpaka miguuni. Kimoyomoyo nikamwomba marehemu radhi kwa kumwachia. Tulimalizia kwa maji ya kafuri, tukamkausha, tukamvika sanda. Watu husema ukishaanza hofu huisha. Yangu haikuisha, niliingia nayo na nikatoka nayo.

Bibi alipanda garini kwangu.

"Nikikupigia tena, utakuja?"

"Nitakuja," nilisema, na meno yanagongana.

Nilishindwa kuwasha gari. Hakunihimiza. Tulikaa palepale mpaka mikono ikatulia, ndipo nikamrudisha kwake.