Farasi Wanne Juu ya Paa la Saint Paul

Shule niliiacha darasa la sita, na sijawahi kulificha hilo. Wenzangu niliokuja nao Minnesota walikuja na vyeti ndani ya bahasha za kaki. Mimi nilikuja na mikono. Leo nina kampuni ya usafi, magari kumi na moja meupe yenye jina langu ubavuni, na kuna maofisa wenye shahada zao ambao kila asubuhi hukalia viti vilivyopanguswa na watu wangu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayezungumza naye si mtu wa kuonewa huruma. Wengi wamejaribu.

Lakini kuna uongo mmoja nilioutumia kumlea binti yangu, na siku tuliyokwenda kulitembelea jengo la bunge la jimbo ndiyo siku uongo ule ulinidai.

Jengo lenyewe kila mtu wa huku analijua. Ukiwa kwenye treni ya University Avenue, ukishaipita Frogtown na maduka yake, unaliona limekaa juu ya kilima, jeupe, kuba lake kubwa kama chungu kilichofunikwa. Chini ya kuba, juu ya paa la mbele, wamesimama farasi wanne wa dhahabu wakivuta gari la kale. Jua likiwapiga, hata dereva wa lori hugeuza shingo.

Miaka ile lilipokuwa likikarabatiwa, mimi nilikuwa kibarua pale. Nilibeba vifusi, nikaosha mawe ya ukuta wa chini kwa burashi na ndoo. Mawe nayajua. Kwetu ni kijijini Tabaka, baba yangu alichonga jiwe la sabuni, lile laini la vinyago, na mimi niliacha shule ili nipige msasa. Kwetu unalisugua jiwe ndani ya karai la maji mpaka vidole vinakuwa kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa hiyo sikuona haya kuosha ukuta wa Wamarekani. Ila kwa farasi sikufika. Kule juu walipanda mafundi wa dhahabu peke yao, na sisi wa vifusi tuliwatazama kutoka chini kama watu wengine wote.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja tulipita pale kwa basi, akauliza, "Baba, unafanya nini pale?" Nikamwona anavyonitazama. Shuleni wenzake walikuwa na baba mhandisi, baba daktari. Nikamwambia, "Unawaona wale farasi? Mimi ndiye ninayewaosha." Akasema kwa Kiingereza chake, "Wote wanne?" Nikasema wote wanne.

Basi akawa anawaambia watu. Akawaandika kwenye insha ya shule. Akasoma mpaka chuo kikuu, akamaliza, akaajiriwa katika ofisi ya mheshimiwa mmoja katika bunge lile lile. Mimi nikajisemea kwamba uongo umezaa matunda, uache.

Mtu mmoja tu aliyejua ukweli ni mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani. Bwana mwenyekiti ni mfamasia, ana shahada tatu na hajawahi kumaliza hotuba bila kuzitaja zote. Siku za vifusi nilikuwa sina gari, na yeye alikuwa akinipa lifti mpaka Columbia Heights, tulikokuwa tukiishi sote. Kabla sijaingia alikuwa akitandika gazeti kwenye kiti. "Samahani, ndugu," angesema, "unajua vumbi halitoki." Miaka yote hii nimenunua magari, lakini lile gazeti bado nalisikia likilia chini yangu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, chama kikaamua kwenda bungeni kumwamkua mheshimiwa, yule ambaye binti yangu anamfanyia kazi. Basi la kukodi nililileta mimi. Kwenye mkutano nikaomba nipewe dakika mbili za kusema.

Mwenyekiti akacheka. "Bwana Usafi, wewe tutakupa nafasi ya kumshukuru dereva."

Watu wakacheka naye. Nikacheka pia. Lakini moyoni nikasema: nitasema bila kusema.

Nikampigia simu ndugu yangu aliyebaki Tabaka na patasi ya baba. Nikamtumia picha ya farasi wa dhahabu. Nikamwambia, nichongee hawa, jiwe lile jeupe lenye mshipa wa waridi, gari lao na kila kitu. Wakaletwa na jirani aliyekuwa anarudi kutoka likizo, wamefungwa kwa leso tatu ndani ya boksi. Nilipowafungua niliwageuzageuza mikononi. Ndugu yangu hajawahi kuona farasi maishani mwake, ameona punda wa kubebea maji, kwa hiyo masikio yalikuwa marefu kidogo. Lakini ile kazi! Ukipitisha kidole shingoni huoni mahali patasi ilipopita.

Niliona kila kitu kabla hakijatokea. Mheshimiwa anapokea, kina mama wanapiga vigelegele, mwenyekiti amekunja hotuba yake, na binti yangu yuko kando, anaona baba yake ni nani ndani ya jengo lile.

Siku ya Jumatatu binti yangu alinitumia ujumbe. Ulikuwa mrefu, wa Kiingereza, ukijaza skrini mara tatu. Nikaona jina langu juu, nikaona siku ya Alhamisi, nikaona neno la kukaribisha. Barua za Kiingereza huwa nasomewa na karani wangu. Lakini ya binti yako utampa karani? Aseme nini akitoka hapo? Nikamjibu kwa kidole gumba kilichosimama.

Alhamisi tukafika. Tulipanda ngazi za mbele, ndefu, suti zetu zikipepea kwa upepo, na nikawaonyesha wenzangu mawe ya chini upande wa mashariki. Nikawaambia haya yamepita mikononi mwangu. Hayo yalikuwa kweli. Ndani tukasimama chini ya kuba, juu ya nyota iliyo sakafuni, kina mama wakipiga picha na shingo zimepinda nyuma. Binti yangu akatoka kwenye korido na kitambulisho kifuani. Akanikumbatia haraka haraka, kama watu wa kazini wanavyokumbatia, akatuongoza kwenye chumba cha wageni.

Mheshimiwa ni mama mwenye nywele fupi nyeupe na kicheko cha karibu. Mwenyekiti akahutubu, shahada zote tatu zikahudhuria. Alipomaliza, kabla makofi hayajaisha, nikasimama na boksi langu.

"Mheshimiwa," nikasema kwa Kiingereza changu, ambacho hakijawahi kunishinda kutafutia kazi, "hii ni kutoka kwetu."

Nikafungua leso. Vigelegele vikapigwa kweli. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mbona punda?" na mwingine akamwambia, "Nyamaza, ni farasi wa nyumbani." Mheshimiwa akaweka mkono kifuani. Akasema ni wazuri mno, hajapata kuona kitu kama hiki, lakini hawezi kuwapokea.

Sasa, kwetu mgeni hukataa kwanza. Unampa kuku anasema, "La, msijisumbue." Ukimwamini umemtukana. Unamweka kuku yule kwapani mwake kwa nguvu, mnacheka, ndiyo heshima. Kwa hiyo nikacheka nikasema, "Hapana mama, chukua." Akakataa tena, akitazama huku na huku. Nikajua sasa tumefika penyewe. Nikamwekea mikononi.

Binti yangu akaja mbele. Akaniita "sir."

"Sir, samahani. Sheria ya jimbo hairuhusu mheshimiwa kupokea zawadi."

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, mwache mama apokee. Wewe hujui mambo haya."

Wafanyakazi wenzake wawili waliokuwa mlangoni wakatazamana. Nadhani kwa sauti yangu ndipo walipojua mimi ni baba yake. Akawatoa farasi mikononi mwa mheshimiwa na kunirudishia, na katika kupokezana sikio moja likakatika, likaanguka sakafuni, tki. Akainama akaliokota.

"Baba," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "nilikuandikia."

"Uliandika nini?"

"Yote. Jumatatu. Kwamba usilete kitu. Ukanijibu na kidole."

Mwenyekiti akajikohoza. "Huyu bwana husoma picha," akasema, na watu wangu, watu niliowaleta kwa basi langu, wakacheka. Mheshimiwa hakuelewa lugha lakini akatabasamu kwa kuwa wengine wanacheka.

Nikafunga leso zangu. Nikatoka.

Mbele ya jengo kuna uwanja mpana wa nyasi unaotelemka mpaka mjini. Nikakaa kwenye benchi, boksi pembeni. Watoto wa shule walikuwa wamepanga mstari wakisubiri kuingia, kila mmoja na chakula chake ndani ya mfuko. Mimi nasema wazi: hakuna aliyenisaidia kufika nilipofika, na siku ile hakuna aliyejali. Nilikuwa na hasira na sheria isiyojua zawadi ni nini, na mwenyekiti, na yule mtoto niliyemsomesha ili aje kunirudishia zawadi yangu mbele za watu. Hasira kwa mwenye kidole gumba ilikuja mwisho, na sikuikaribisha.

Baada ya muda akaja. Akakaa. Akaweka lile sikio juu ya boksi.

"Nani alichonga?"

"Baba yako mdogo."

"Ni wazuri sana."

"Ni marufuku."

Akatoa simu. "Baba, sikiza. Nisome." Akaanza kunisomea ule ujumbe kwa Kiswahili chake, kile cha kuokoteza, akisimama kutafuta maneno. Usilete kitu, kuna sheria. Usivae viatu vipya, kuna ngazi nyingi. Kisha akafika mwisho. "Saa saba, nimeandikisha sisi wawili, kupanda juu kwa farasi. Wewe na mimi tu. Nataka unionyeshe wale uliosha."

Nilitazama juu. Farasi walikuwa wanawaka vibaya.

"Mguu wangu unauma," nikasema.

"Umepanda ngazi zote asubuhi."

"Ndiyo maana unauma."

"Baba, tafadhali. Tangu nianze kazi hapa sijapanda. Nilikungoja."

Hapo kulikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu, benchi moja, na yeye alikuwa ametoka kuniomba. Ningesema maneno matatu tu. Badala yake nikasema, "Umeniaibisha mbele ya watu wangu, sasa unataka nikacheze juu ya paa?"

Akaizima simu. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu mlango, "Uliosha yupi hasa? Wa kulia au wa kushoto?"

"Wote," nikasema. "Si nilikwambia?"

Mwenyekiti akawa anakuja kwenye nyasi, koti limefungwa vifungo vyote. "Eh! Nasikia kuna kupanda juu! Nafasi zimejaa wanasema."

"Mchukue mwenyekiti," nikamwambia binti yangu. "Nafasi yangu apewe yeye."

Alinitazama kama nimemrudishia kitu alichonipa. Kisha akasimama, akasema, "Karibu, Anko," wakaenda.

Nikangoja. Baadaye nikawaona watu wadogo wanatokea juu ya paa, nyuma ya farasi, wakishika nywele kwa upepo. Nikaijua blauzi yake ya bluu. Nikamwona ananyoosha mkono kwa farasi wa kwanza, akasema kitu. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kumfuata. Kisha mwenyekiti akageuka, akaja ukingoni, akatazama chini kwenye nyasi, moja kwa moja kwenye benchi langu.

Nikajua amesikia uongo wangu. Nikapanga la kumjibu. Atakuja akicheka, atasimulia ndani ya basi, mpaka kufika Minneapolis kila mtu atakuwa amelipata, na mimi nitamkumbusha gazeti lake. Nilikuwa tayari. Nilitamani hata aanze.

Waliposhuka, binti yangu aliniaga kwa mkono akiwa ngazini, akarudi kazini. Hakuuliza tena kuhusu farasi, na mpaka leo hajauliza. Mwenyekiti akaja peke yake, akasimama mbele ya benchi akitweta kwa ajili ya ngazi.

"Binti yako amenieleza," akasema. "Wote wanne."

"Wote wanne," nikasema.

Aliniangalia. Yule mtu aliyenitandikia gazeti, ambaye hajakosa neno la kunichoma kwa miaka yote, aliinua uso kuwatazama farasi.

"Wanang'aa," akasema mwishowe. "Ulifanya kazi nzuri, mzee."

Hajawahi kuniita mzee. Akainama, akaliinua boksi langu kabla sijalishika, akalikumbatia kifuani, akatangulia kuelekea kwenye basi. Jiwe la sabuni likikatika hutoa vumbi jeupe, laini kama unga, linalopenya leso na boksi. Lilikuwa limemjaa kwenye suti yake nyeusi, kuanzia kola mpaka kifungo cha chini. Aliliona. Hakulipangusa.