Manowari Katika Chumba cha Kupanga

Katika umuganda wa mwezi ule, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, tulijenga mtaro, tukipokezana mawe kwa mstari, halafu tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Hapo mama mwenye nyumba wangu, aliyerudi kutoka Kongo na sauti ya kuamsha volkano, akasimama na kuninyooshea kidole.

"Bon. Huyu motari wa pikipiki iko na waya ya shaba mingi mu chumba. Anafunga mulango, inalia zzz. Mi sijue alitoa wapi. Kama hasemi hapa mbele ya watu, leo jioni atafute nyumba ingine."

Watu wote wa mtaa wakanitazama, nadhani hata wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Nyaya za umeme zilikuwa zinakatwa na kuibwa mtaani siku zile. Mwenye shaba chumbani alikuwa paka mwenye nyama mdomoni.

Ningesema tu kwamba nilinunua mota iliyoungua ya mashine ya kusaga, soko la Mahoko, basi. Lakini nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya jioni, na kichwa kimejaa kuliko ziwa Kivu.

"Mama, natengeneza mtambo wa kurushia ndege za vita."

Maneno hayo, tena mpakani! Jirani yangu, askari mstaafu aliyekulia Tanzania, akaacha kujipangusa matope. "Rudia, kijana. Ndege za vita kuelekea wapi?"

"Baharini, mzee! Manowari inayobeba ndege ina uwanja mfupi, ndege haiwezi kukimbia ipasavyo. Zamani ilivutwa kwa nguvu ya mvuke, kwa kishindo. Siku hizi ni sumaku za umeme."

"Baharini," akasema mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu. "Na bahari iko wapi hapa?"

Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Jasho likanitoka kama maporomoko. Nikaona mtaro wetu.

"Tulivyopokezana mawe! Kila koili, waya uliozungushwa ukawa sumaku umeme ukipita, ni mtu mmoja. Inavuta, inaachia, inayofuata inapokea. Ndege inaongezwa mwendo polepole, haivunjwi mgongo."

"Eh, donc mi ni koili?" mama akauliza.

"Wewe ni koili kubwa, mama."

"Ya kufukuza mupangaji, ndiyo. Lete tuone."

Nikaleta ubao wangu wenye reli, koili zilizosukwa, na betri ya pikipiki. Kigari kikatetemeka, kikakwama. Askari akaguna. Nikasafisha reli kwa shati, nikaunganisha tena: zzz, kigari kikateleza, ndege ya karatasi ikaruka mbali ajabu, ikagonga buti la mkuu wa mudugudu. Nusu ya mkutano ilipiga makofi. Nusu nyingine ilivuta watoto nyuma.

Mkuu akainama, akaikagua ile waya ya koili. Nyembamba kama uzi, imeiva nyeusi kwa kuungua.

"Hii si ya nguzo za umeme," akasema.

Askari hakuridhika. "Kidogo hiki hakiniogopeshi. Naogopa anayejua kukikuza."

Mama akafikiri kwa muda wa kuchemsha maharage.

"Utabaki," akasema. "Lakini ukiicheza, mulango wazi."

Sasa nafanya majaribio mlango wazi, upepo wa ziwa ukinipeperushia karatasi. Mama anapita na ufagio, anafagia kizingiti kile kile mpaka saruji inalia, jicho liko kwenye koili.

"Leo inaenda wapi?" ananiuliza.

"Ukutani, mama."

"Mm," anasema, na kuendelea kufagia.