Amplifaya Isiyo na Ugonjwa

Shemeji yake alipoingia na ile amplifaya kwa mara ya tano ndani ya mwaka mmoja, Mama Fyuzi hakuinua hata kichwa.

“Iweke hapo, wodi ya wagonjwa sugu,” alisema. “Leo tunampima damu au tunamkata mguu kabisa?”

“Cheka tu, shemeji. Mwenzio naangamia.”

Jina la Mama Fyuzi alipewa na wateja, kwa sababu ukimpelekea kitu chochote kilichokufa, iwe redio, pasi au hata ndoa, swali lake la kwanza ni lilelile: umeangalia fyuzi? Kibanda aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na meza iliyojaa makovu ya chuma cha kulehemu, mita mbili za kupimia umeme, na huyu shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, mpiga gitaa katika bendi ya ukumbi wa wafanyakazi. Watu walimwita Solo. Jina la kwenye kitambulisho alilijua yeye na serikali.

Solo aliitua amplifaya sakafuni huku akiguna. Ilikuwa ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani, ya enzi ambazo vitu vilitengenezwa na watu waliodhani wataulizwa siku ya kiama. Uzito wake ni wa mgeni asiyetaka kuondoka. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka bendi iliyovunjika kwa ugomvi wa mwanamke, na tangu hapo aliitunza kuliko alivyowatunza baadhi ya ndugu zake, ambao nao hawakuona ajabu.

“Imeingia pamba,” alisema. “Nikigusa nyuzi nyembamba ni kama napigia ndani ya godoro. Valvu zimechoka hizo.”

“Nilizibadilisha mwezi wa tatu.”

“Basi umeuziwa mbovu.”

Mama Fyuzi aliweka bisibisi chini. “Sasa nisikilize. Kiongozi wenu alipita hapa juzi. Kasema gitaa lako linakata watu masikio kama wembe. Watu wa meza za mbele wanahama na soda zao. Kasema Jumapili ukiwa hivyohivyo, anamweka mtu mwingine.”

“Kiongozi gani, yule mpiga kinanda?” Solo alibetua mdomo. “Anajua nini kuhusu sauti? Chombo chenyewe anachopiga ni cha plastiki.”

Lakini hakukaa chini, na mikono yake ilianza kufuta vumbi ambalo halikuwepo. Alikuwa na miaka thelathini na moja katika nafasi ile, kushoto kwa ngoma, hatua mbili kutoka ukutani. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuwahi kuitafuta. Mke alishamkimbia, akamwachia ukumbi. Ukimtoa mle, anabaki mzee mwenye alama ya mkanda begani.

Mama Fyuzi alianza kujiuliza. Mmoja anasema godoro, mwingine anasema wembe, na amplifaya ni moja.

Akakumbuka alivyoitibu. Mara ya kwanza malalamiko yalikuwa ya haki: valvu mbili kubwa zilikuwa zimechakaa kweli, na moja ya zile ndogo ukiigonga kwa penseli ilipiga kengele kwenye spika. Akabadilisha zote, Solo akaenda akiimba. Mara ya pili hakuona kosa, ila kwa kuwa shemeji ni shemeji, alibandika kapasita ndogo kwenye kitasa cha sauti ili makali yapite kwa wingi. Mara ya tatu alikata waya uliokuwa ukituliza hayo makali. Mara ya nne alimfungia spika ngumu, ya kupigia matangazo ya mnadani. Kila mara Solo alicheka kwa wiki mbili, kisha akarudi na godoro lake.

Katikati ya safari hizo alikuwa akinunua pedali, vile visanduku vya kubadili sauti ya gitaa kwa mguu. Alizipanga kwenye ubao wake miguuni kama viatu vya familia kubwa: ya kunoa sauti, ya kuikwaruza, ya kuitetemesha, ya mwangwi, na nyingine ya kunoa ile iliyokwisha kunolewa. Muuza vyombo vya mitumba alimpenda kama mtoto. Solo alikuwa akisimama pale kwake, anabonyeza moja moja kwa kidole gumba cha mguu, anainamisha kichwa kama kuku anayetazama punje, na mwisho anachagua ileile inayowafanya wapita njia washike masikio.

“Ngoja,” alisema Mama Fyuzi. “Leo tuipime kitaalamu, tumalize ubishi.”

Alitoa kifaa cha mluzi, kisanduku cha marehemu chenye kitasa kimoja: ukikigeuza, mluzi unapanda kutoka mnene hadi mwembamba. Akakichomeka mahali pa gitaa, akaweka mita nyuma kwenye spika, akasubiri valvu zipate moto.

Ukaanza mngurumo wa nyuki.

“Unasikia?”

“Nasikia. Mimi si maiti.”

Akapandisha. “Hapo?”

“Nasikia.”

Akapandisha tena. “Hapo je?”

“Unapungua, si unaona? Ndiyo pamba yenyewe hiyo!”

Mshale wa mita haukupungua hata unywele. Mama Fyuzi akatazama mshale, akamtazama shemeji yake, akageuza kitasa taratibu, naye moyo ukimwambia usigeuze. Mluzi ukapanda, ukawa sindano. Bilauri ya chai ikaanza kulia juu ya kabati. Kutoka ng'ambo ya kichochoro fundi cherehani akapiga kelele, “Jamani! Mnachinja nini humo ndani?”

Solo alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya amplifaya, uso mtulivu kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

“Haya,” alisema, “washa basi.”

Mkono mmoja wa Mama Fyuzi ulikuwa umeziba sikio. Solo aliuona ule mkono. Akamwona fundi cherehani mlangoni, vidole vyote viwili masikioni, pini mdomoni. Akaiona ile bilauri ikitetemeka peke yake. Akaweka kiganja mbele ya spika, akahisi mtetemo mdogo.

“Imewaka?” aliuliza.

“Imewaka, shemeji.”

“Tangu lini?”

“Zima kwanza!” alisema fundi cherehani. Alipozimiwa akatoa pini mdomoni na kuanza, kwa mazoea ya kuwa na methali kwa kila msiba, “Ndiyo maana wahenga walisema, sikio la kufa...”

Jicho alilotupiwa na Mama Fyuzi lilimrudisha kwenye cherehani yake na methali ikiwa nusu.

Solo alicheka kidogo. “Kwa hiyo unaniambia mimi kiziwi.”

“Si kiziwi. Mbona tunaongea? Ila huko juu kumeondoka.”

“Kumeondoka kwenda wapi?”

Mama Fyuzi akachomoa kile kisanduku cha mluzi, akakirudisha mahali pake.

Siku ya pili alimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alikuwa binti mpole mwenye haraka. Alimfungia kwenye chumba kidogo, akamchorea mstari wa usikivu wake, unaoteremka kama mtu aliyeanguka ngazi, akauliza, “Mzee, ukumbini unasimamaga wapi?”

“Mbele ya amplifaya yangu. Ninyi mnasikiaga gitaa, mimi nalitaka mgongoni.”

Binti akaeleza kwamba ndani ya sikio mna vinyweleo vya kupokea sauti, kwamba kelele za karibu huviua, vya sauti nyembamba vikitangulia, na vikifa havioti. Kifaa cha kusaidia kipo. Kitamfaa kwa mazungumzo. Muziki asitegemee sana.

“Vipuri hakuna,” Solo alimtafsiria shemeji yake, kana kwamba yeye ndiye asiyesikia.

Njia nzima Mama Fyuzi alikuwa akifanya hesabu yake. Mwaka mzima alikuwa akiinoa ile amplifaya kwa huruma, na mwaka mzima Solo alisimama hatua moja mbele ya spika. Kila alipomtibu alikuwa anamchinja. Aliwahi kusikia kwamba upendo ni upofu. Hakuna aliyemwambia kwamba una chuma cha kulehemu pia.

Walipofika kibandani aliifungua amplifaya. Alichomoa waya, akatuliza umeme uliobaki ndani ya zile kapasita kubwa, maana huo hauna habari kama umechomoa au la, mkono mmoja kazini na mwingine mfukoni kama marehemu alivyomfundisha. Akang'oa kapasita ndogo. Akarudisha waya uliokatwa. Akafunga spika ya zamani. Kisha akauvuta ule ubao wa pedali, ambao Solo alikuwa ameambiwa aulete.

“Hii ya kunoa, nje. Na mwenzake, nje. Hii ya kukwaruza...”

“Hiyo mwachie, hana kosa.”

“Ndiye kiongozi wa genge.”

Solo alitetea kila moja kama wakili wa bure. Walipofikia ya mwangwi aliishika kwa mikono miwili. “Hii usiniondolee. Ndiyo inayoniambia kama nimepiga.”

Ikabaki.

“Jumapili utapiga kwa mikono,” alisema Mama Fyuzi. “Vidole vinajua njia. Masikio tuachie sisi.”

Jumapili alasiri alikaa meza ya mbele kabisa. Bendi ilipoanza, gitaa lilitoka safi, la duara, tamu bila kumuumiza mtu. Hakuna aliyehama na soda yake. Mzee mmoja mwenye fimbo aliisahau fimbo kwenye kiti akaingia kucheza. Kiongozi aligeuka nyuma kutoka kwenye kinanda chake, akamtazama Solo, akatabasamu kwa meno yote. Mama Fyuzi alijikuta akipangusa macho kwa leso.

Ila Solo hakutabasamu. Alikuwa ametoa macho kwenye vidole vyake mwenyewe kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akihesabu kila kidato. Mapumziko yalipofika alivua mkanda, akaja pale mezani.

“Ilikuwa mbaya, eti?”

“Mbaya nini! Miaka kumi hujapiga hivi.”

“Shemeji, usinionee huruma.”

“Naapa kwa kaburi la ndugu yako.”

Kiongozi naye akaja mbio, jasho shingoni, akamshika bega. “Mzee! Hivyohivyo! Hii nafasi ni yako mpaka uzeeke!”

“Nimeshazeeka,” alisema Solo. Aliwatazama wote wawili, zamu kwa zamu, kama watu waliopatana kumdanganya. “Mlisikia nini?”

Kiongozi hakuelewa swali. “Gitaa, mzee. Tumesikia gitaa.”

“Basi mmesikia ninyi. Mimi sikuwepo.”

Akavuta kiti akakaa. Kengele ya kuanza tena ilipogongwa hakuinuka. Kiongozi alimwita kwa mkono, kisha kwa jina, kisha akatuma mtu. Mama Fyuzi alimsukuma kiwiko, akamtania, akamtukana kidogo kishemeji, mwisho akamshika mkono na kusema tafadhali, neno ambalo hajawahi kumwambia.

“Waambie waanze,” alisema Solo. “Watu wanasubiri.”

Wakaanza bila gitaa. Ukumbi ulishangaa kwa wimbo mmoja, kisha ukazoea. Solo alikaa mikono mapajani, kiatu kikigonga sakafu pamoja na besi, bila kukosea hata mara moja. Besi aliisikia vizuri sana.