Kigelegele Kilichoitikiwa Edgbaston

Jumamosi nilikwenda Edgbaston, mtaa wa Birmingham, kwenye maonyesho ya wanafunzi wa muziki. Binti mmoja alikuwa ameifundisha kompyuta kusikiliza sauti ya mtu, kufuata inavyopanda na kutetemeka, kisha kutunga papo hapo sauti ya kuijibu. Wageni walikohoa kwa aibu kwenye maikrofoni, nayo kompyuta ikaguna tu.

Ndipo mama wa binti huyo, mwenyeji wa Mombasa anayeishi mtaa wa Aston, akasogea, akapiga kigelegele cha harusi.

Spika zikaitikia kwa sauti zilizopandana kama ukumbi uliojaa wanawake. Kumbe binti alikuwa ameifundisha kompyuta kwa kanda za harusi za shangazi zake.

Mama akageuka kuzitazama spika. Binti akamuuliza kwa Kiingereza kama mashine imekosea.

"Haijakosea, mwanangu. Ulipofaulu mtihani nilipiga hivi hivi nyumbani, jirani akagonga ukuta ninyamaze. Leo ndiyo nimeitikiwa."

Mimi na mashine hatupatani. Hata ile ya kulipia dukani hunifokea. Lakini hii naivulia kofia. Ni mgeni kabisa hapa Birmingham, na tayari inajua kwamba kigelegele hakiachwi peke yake.